Siku Moja Katika Gredi ya Nne, Kalobeyei

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Kakuma mjini kwa bodaboda kabla jua halijaanza kuuma. Shule yetu ya msingi imo katika makazi ya Kalobeyei, kaunti ya Turkana, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa makubaliano kwamba jamii ya hapa itatoa ardhi, na kwamba shule, zahanati na maji yatakayowekwa juu ya ardhi hiyo yatawahudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Mimi ni Mturkana. Wazazi wa kwetu huniuliza kwa nini siwapendelei watoto wetu, na wazazi wa wakimbizi hudhani kwamba ninawapendelea.

Saa 2:00. Naita majina. Nina wanafunzi 104, wanne au watano kwa dawati. Fomu ninazojaza zina safu ya kuonyesha nani mkimbizi na nani mwenyeji, na safu hiyo hainisaidii kulielewa darasa langu hata kidogo. Yumo msichana Mtoposa kutoka Sudan Kusini ambaye lugha yake inakaribiana sana na Kiturkana, hivi kwamba siku aliyoletwa alikuwa akicheka mizaha ya wasichana wa hapa wakati hajui hata neno moja la Kiswahili. Fomu inamwita mkimbizi. Wenzake wanamwita dada. Yumo pia mvulana Mkongomani mwenye Kiswahili chepesi kuliko sisi sote, ingawa maji kwake ni "mayi", naye ndiye anayewafafanulia wenyeji maswali ya insha wanapokwama.

Leo, hata hivyo, macho yangu yako kwenye dawati la tatu, upande wa dirisha. Mturkana mmoja na mkimbizi mmoja Mnuer wa Sudan Kusini wamekaa hapo bega kwa bega tangu muhula wa kwanza, wakigawana kifutio kimoja kilichokatwa kwa wembe. Asubuhi hii wamekaa ncha mbili za dawati, na wale wawili walio kati yao wanakodolea ubao kama watu waliokalia moto.

Saa 3:40. Katikati ya somo la Sayansi, daftari linarushwa, kisha ngumi. Nawatenganisha. Nakiri kwamba wazo lililonijia kwanza lilikuwa lile la kila mtu mzima wa hapa: kabila na kabila, mwenyeji na mgeni, yameanza. Nikatoa hotuba fupi kuhusu umoja. Darasa lilinisikiliza kwa adabu ile ambayo watoto humpa mtu asiyejua anachokizungumzia.

Saa 4:30, mapumziko. Anayenifumbua macho ni mwalimu mwenzangu, mkimbizi anayezungumza Kinuer, ambaye hulipwa posho iliyo chini sana ya mshahara wangu kwa kazi ileile. Amemhoji yule mvulana Mnuer kando ya tangi la maji. "Mwalimu," ananiambia, "hapa hakuna ukabila. Hapa kuna makaa."

Asiyeishi Kakuma huenda asilione uzito wa neno hilo. Mkimbizi hupewa chakula au pesa za kukinunulia, lakini kuni anazogawiwa hazitoshi kukipika, na kwenda porini kuokota zaidi ni kutafuta ugomvi na wenyeji, kwa kuwa miti ni yao na ni michache. Kwa hiyo akina mama wa Kiturkana huchoma makaa, huyabeba kichwani hadi vijijini na kuwauzia akina mama wakimbizi, ambao kwa miaka mingi wamelipa kwa fedha au kwa kupima sehemu ya unga na maharagwe yao. Tangu migao ilipopunguzwa mwaka 2025, kipimo hicho kimekuwa kigumu kutoka. Makaa yanachukuliwa kwa mkopo, mkopo unakawia, na watoto wa nyumba zote mbili wanausikia ukizungumzwa usiku kabla ya kulala.

Maneno aliyoyasema mvulana wangu, yule Mturkana, asubuhi, kabla ya ngumi, yalikuwa haya: "Mama yako amekula makaa yetu."

Saa 6:45 mchana. Uji. Foleni ni ndefu na vikombe havitoshi, kwa hiyo kila aliyemaliza humpa kikombe mwenzake. Mnuer amemaliza, anageuka, anaangalia nyuma, kisha anampa kikombe mtoto mwingine kabisa. Nimeona mapigano mengi ya uwanjani, lakini hili la kikombe liliniuma zaidi.

Saa 8:20. Hisabati. Nilikuwa nimeandaa tangu jana swali la mama anayeuza madebe 6 ya makaa, na sikukumbuka kulibadilisha hadi nilipokwisha kuliandika ubaoni. Kimya. Kisha kutoka dawati la tatu mkono wa Mturkana ukapanda: "Mwalimu, amelipwa taslimu au ni mkopo?" Darasa zima likacheka, na Mnuer, ambaye alijitahidi sana asicheke, akashindwa.

Saa 10:15 jioni. Mama wa yule Mturkana ananingoja langoni, shanga zikiwa zimemjaa shingoni na gunia tupu limekunjwa kwapani. Nadhani amekuja kwa ajili ya vita vya asubuhi. Tunasalimiana, ejok kwa ejok, tunaulizana habari za mbuzi na za mvua isiyokuja, na ndipo anapotoa daftari la shule lililopasuka jalada na kunipa.

"Mwalimu, nisomee. Nataka kujua ni madebe mangapi kwa yule mama mrefu, kwa sababu amesema wiki ijayo atalipa nusu."

Yeye hakusoma, hesabu zake huandikwa na mwanawe. Nafungua kurasa na kuona kwamba miandiko ni miwili. Wa kwanza ni wa mvulana wangu, mkubwa, unaotoka nje ya mistari. Wa pili ni mdogo, ulionyooka, na herufi zake ninazijua kwa sababu huzisahihisha kila Ijumaa.

"Huyu mwingine ni nani?" namuuliza, ingawa najua.

"Ni yule rafiki yake," anasema. "Wa kwetu anakosea namba. Yule huja na mama yake kuchukua makaa, anaketi pale chini, anaandika mwenyewe."

Ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mama yake, mvulana wa Kinuer ameandika: madebe 4, bado.