Maji Hayakugeuka Rangi

Jana fundi alikuja kuosha tangi hapa nyumbani, akatia klorini ya kutosha mtaa mzima. Harufu ilipofika jikoni nikarudi kimawazo Busia, magharibi mwa Kenya, papo hapo. Wale tuliokuwa timu moja mtakumbuka: pikipiki alfajiri, dodoso lisiloisha, na kile kisanduku cha vichupa tulichopokezana kukibeba.

Ilikuwa tathmini ya athari, yaani kupima kama mradi umeleta mabadiliko. Kwa kura, vijiji vingine vilikuwa vimewekewa mtambo wa klorini kando ya chemchemi: unategesha mtungi, unazungusha kishikio, dawa ya kutosha lita 20 inashuka, unachota maji na kwenda zako. Vijiji vingine vilisubiri zamu yao. Sisi tulipita kote, tukiuliza na kupima.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, alinikaribisha chini ya mwembe. Nikamuuliza kama maji yao ya kunywa siku hiyo yalikuwa na dawa.

"Ndiyo, tumetia."

Nikaomba kidogo, kutoka chombo kilekile anachomchotea mtoto. Nikajaza kichupa, nikatia unga wa kupimia, nikatikisa. Maji yenye klorini hugeuka waridi hapo hapo. Haya hayakugeuka. Nilikiinua kichupa kwenye mwanga, naye akasogea kutazama. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua kunde pembeni, akasimamisha mikono. Tulikuwa tumefundishwa tusitoe neno wala kukunja uso, kwa hiyo nilinyamaza, na ukimya ule ukawa mrefu.

"Dada, usituandike waongo," yule mama mwenye mtoto akasema hatimaye. "Mtambo umekauka tangu mazishi ya jirani. Nikikwambia hatutii dawa, mtasema hatuutaki, mje muung'oe."

Mama mkwe akaongezea bila kuinua macho: "Na anayepaswa kuujaza hatujamwona. Andika na hilo, binti yangu."

Dodoso lilikuwa na nafasi ya ndiyo au hapana, na ya rangi ya maji. Chini kabisa kulikuwa na kisehemu cha maoni ya mdadisi. Nikayaandika humo maneno yao kama walivyoyasema, nikawasomea, wakakubali.

Bila kichupa kile, nyumba ile ingehesabiwa kuwa inatumia dawa. Bila maneno yale, ingehesabiwa kuwa imeikataa. Yote mawili yangekuwa uongo, na mradi ungerekebishwa kwa kufuata uongo huo.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, mkubwa mno, uliofuatilia zaidi ya wajawazito 8,000 na watoto wao Bungoma, Kakamega na Vihiga. Maji yenye klorini, vyoo bora, kunawa mikono: hakuna kilichopunguza kuhara kwa watoto. Utafiti pacha wa Bangladesh uliona kuhara kumepungua. Nikasikia watu wakisema basi klorini haifai kwetu, na iliniuma. Kule Bangladesh wahamasishaji walibisha hodi mara kadhaa kwa mwezi. Huku kwetu, takriban mara moja. Siwezi kuapa kwamba tofauti yote imetoka hapo. Lakini nilipousoma ule mwezi mmoja kati ya ziara na ziara, nilimsikia mama mkwe.

Mwaka uliofuata mchumi Michael Kremer, aliyewahi kufundisha sekondari Kakamega na kufanya utafiti wa mitambo hii hii Busia, alipata Nobel ya uchumi pamoja na wachumi wenzake Banerjee na Duflo. Nilifurahi sana. Naiamini ile kura ya kuchagua vijiji vya kuanza na vya kusubiri. Bila kuwa na wa kulinganisha nao, kila mradi hujisifu. Ila natamani jibu la "haikufanya kazi" lisitoke ofisini peke yake, bila ile sentensi ya mwisho wa dodoso.

Duru iliyofuata tulikuta swali jipya: mara ya mwisho ulipokwenda kuchota, mtambo ulikuwa na dawa? Sijui kama lilitoka kwa wale mama wawili, au wadadisi wengine nao walikuwa wameandika hayo hayo kutoka vijiji vingine. Nilimuuliza msimamizi, akasema fomu hubadilishwa Nairobi.