Mto Athi kwa Mashua ya Mpira

Maji yanayopita chini ya madaraja ya Nairobi huishia Mto Athi, ambao huzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk kisha kushuka kando ya uwanda wa Yatta. Ukishaungana na Mto Tsavo huitwa Galana. Karibu na bahari, kaskazini mwa Malindi, ni Sabaki.

Shida kubwa huku ni kina. Kiangazi mto hugawanyika kati ya mafungu ya mchanga na mashua hukwama. Masika maji huwa mekundu kwa tope, huoni jiwe wala gogo. Afadhali usubiri mvua zikatike, maji yaanze kupungua.

Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, basi pita upande wa maji machache, na ugonge ubavu wa mashua kwa kafi kabla ya kila kona ili ajue unakuja. Usipige kambi kwenye njia yake: utaiona ukingoni, mifereji miwili iliyokanyagwa na tuta la nyasi katikati.

Maporomoko ya Lugard usiyajaribu kabisa. Mto wote hubanwa kwenye mwanya wa miamba, na chini yake kuna mamba. Shuka mashuani mapema, kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) uwe nacho mkononi.