Wamekuja kuziba nyumba ya mama, bure

Ndugu zangu mlioko Marekani, mnaoumizwa na bili ya gesi kila majira ya baridi: kuna mpango wa serikali wa kuziba nyumba zisipoteze joto, unaitwa Weatherization Assistance Program. Upo tangu 1976. Si mkopo, hulipi kitu.

Hapa Iowa wamemaliza kwa mama yangu. Fundi alifunga feni kubwa mlangoni, ikawa inavuta hewa ya ndani na kuitoa nje, kisha akatuambia tupitishe mkono kwenye soketi za umeme. Upepo wa baridi ulikuwa unatoka ukutani kabisa! Mama hakuamini. Wakaziba nyufa, wakajaza darini nyuzi za karatasi zinazozuia joto kupotea, wakapima kama tanuru la kupasha nyumba joto linatoa hewa ya sumu.

Sharti ni kipato kisichozidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Wazee, wenye ulemavu na wenye watoto hutangulizwa. Mpangaji naye anaruhusiwa mradi mwenye nyumba akubali, na hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa kabla hata ya kuuliza. Muulizeni, jamani!

Foleni huwa ndefu, ombeni mapema. Ukikwama kwenye fomu za Kiingereza njoo inboksi, tutajaza pamoja.