Siku moja ya mkimbiaji wa mita 100 jijini Nairobi

Saa 11:20 alfajiri

Mlango unabishwa. Nimeandikisha saa 11:00 hadi 12:00 alfajiri kuwa saa yangu ya kupatikana nyumbani kila siku ili nipimwe dawa za kusisimua misuli, na nikikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 naweza kufungiwa hadi miaka miwili hata kama sijawahi kugusa dawa yoyote. Afisa wa kike ananionyesha kitambulisho, natia sahihi, na kuanzia hapo haniachi.

Watu wengi hawajui vipimo hivi vinafanyikaje. Naingia chooni naye nyuma yangu, napandisha fulana hadi kifuani, nakunja mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, naye anasimama mahali anapoona mkojo ukitoka mwilini kuingia kikopo. Lazima ufike mililita 90. Kisha nachagua mwenyewe boksi moja kati ya kadhaa zilizofungwa, navunja lakiri, namimina katika chupa A na chupa B na kuzifunga kwa mkono wangu. Tone lililobaki linapimwa kama mkojo ni mzito wa kutosha. Ukinywa maji mengi ili utoke haraka, mkojo unakuwa mwepesi mno na mnakaa hadi utoe mwingine.

Nampikia chai anapojaza fomu. Majina mengi ya Wakenya yako kwenye orodha ya waliofungiwa, na siku nitakayokimbia muda mzuri nataka uaminiwe papo hapo. Waje hata kila wiki.

Saa 1:30 asubuhi

Uji wa wimbi, mayai mawili, nduma. Halafu matatu kutoka Kahawa West, Thika Road, hadi uwanja wa Kasarani. Mimi ni askari wa Magereza, na kama wanariadha wengi wa nchi hii, mshahara wa kazi ndio unaonilisha. Mwenzangu wa masafa marefu akikosa timu ya taifa hutafuta mbio za barabarani huku au ng'ambo, akarudi na chochote. Mita 100 hazina mbio za barabarani. Usipoitwa uwanjani, umekaa.

Saa 3:00 asubuhi

Wa masafa wamemaliza zamani, wao huanza kukiwa giza. Sisi tunangoja jua. Msuli wa nyuma ya paja ukilazimishwa kwenda kasi ukiwa baridi unachanika, na kuchanika kunaweza kukumaliza msimu mzima. Kwa hiyo kupasha mwili moto peke yake kunakaribia saa nzima: mizunguko miwili ya polepole, nyonga, vifundo vya miguu, kuruka kwa magoti juu, kisha mbio za kuongeza kasi kidogo kidogo. Ndipo tunavaa spaiki, viatu vyenye misumari.

Leo ni bloku, vile vyuma viwili vya kukanyagia miguu wakati wa kuanza mbio. Ya mbele naiweka nyayo mbili kutoka kwenye mstari, ya nyuma nyayo tatu. Kocha hana bastola, ana vipande viwili vya mbao. "Kwenye mistari." Vidole nyuma ya chokaa, uzito mikononi. "Tayari." Nyonga zinapanda juu ya mabega na pumzi inasimama. Hapa ndipo akili inapotaka kumtangulia kocha, na ndipo unapoikataza. Tangu 2010 ukichomoka mapema mara moja tu umetolewa, na kwenye mashindano makubwa ukisukuma bloku kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mlio, mashine inahesabu kuwa umeotea.

Mbao zinagongana. Nasukuma. Mtu akiniangalia kutoka jukwaani ataona nakimbia, lakini hatua saba za kwanza si za kukimbia, ni za kuisukuma ardhi irudi nyuma. Macho chini, kidevu kimekaa, mkono wa kushoto unakwenda mbele kwa nguvu zote. Nikiinua kichwa mapema kifua kinafuata, na nguvu iliyokuwa inanipeleka mbele inanipeleka juu. Kocha anarudia neno moja asubuhi nzima: "Subiri. Subiri." Kusubiri ukiwa kwenye kasi kamili ndilo jambo gumu kuliko yote niliyojifunza katika kazi hii.

Baada ya bloku, mita 60. Kanuni yetu ni karibu dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 za kasi kamili, na mara nyingi kocha anaongeza. Wanaofanya mazoezi yao pembeni wanatuuliza mbona tunakaa tu. Ukijumlisha mbio zote za kasi za leo hazifiki dakika moja. Lakini kasi haifundishwi kwa mwili uliochoka. Ukikimbia umechoka, unaufundisha mwili kukimbia polepole.

Mkenya mwenzangu Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 kwenye uwanja huu, tarehe 18 Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na wepesi huo unamfaa wa mbio fupi kwa sababu hewa haizuii kifua kama hewa nzito ya pwani. Ubaya wake ni kwamba pumzi inachelewa kurudi. Na kabla ya Omanyala, kabla hata dunia haijamjua Kipchoge Keino wa masafa, kulikuwa na Seraphino Antao wa Mombasa aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth, 1962. Wakenya wanaoniambia mbio fupi si zetu, humtaja Antao nikiwauliza? Hawamjui.

Saa 5:30 asubuhi

Jimu. Chuma begani, kuchuchumaa, kusimama. Kisha zoezi ninalolichukia na kuliheshimu: napiga magoti, mwenzangu ananishika vifundo, najishusha kifudifudi polepole nikishikiliwa na misuli ya nyuma ya mapaja tu.

Saa 7:30 mchana

Ugali, ndengu, kuku, sukuma wiki. Nalala usingizi wa kweli, simu imezimwa.

Saa 10:30 jioni

Shule ya sekondari ya wasichana karibu na ninapoishi. Nafundisha hapa bila malipo, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kuna msichana mmoja anayeacha wenzake wote ndani ya mita 40, bila viatu, kwenye murram. Mwalimu wa michezo ameshaamua.

"Afande, huyu nampeleka mita 800. Akifanya vizuri atapata chuo Marekani."

"Mwalimu, vyuo vya Marekani vinachukua wa mita 100 pia. Julien Alfred alipitia chuo cha Texas, akashinda Paris 2024 kwa sekunde 10.72. Nchi yake, Saint Lucia, ilikuwa haijawahi kupata medali yoyote ya Olimpiki."

"Hao wako na vifaa."

Hilo ni kweli, na linaniuma. Msichana mwenye kasi katika nchi hii anahamishwa mapema kwenda mbio ndefu, kwa sababu huko kuna makocha, mawakala na mifano. Kisha tunasema hatuna wakimbiaji wa mbio fupi. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika ana urefu wa mita 1.52, hazidi wasichana hawa, na alirudi baada ya kujifungua akawa bingwa wa dunia Doha 2019. Jamaika ina mashindano ya shule yanayojaza uwanja wa taifa, na mtoto mwenye kasi anaonekana akiwa mdogo na kuachwa akue na kasi yake.

Tumevutana na mwalimu hadi kengele ikalia. Mwisho amekubali: msichana abaki mita 100 na 200 hadi mashindano ya kaunti, nami nimfundishe kuanza mara mbili kwa wiki. Nimemuuliza msichana anavaa saizi gani. 38, kama mimi. Jumamosi namletea spaiki zangu za zamani na misumari mipya.

Saa 3:00 usiku

Nimekula, nimenyoosha misuli, nimeandika daftari: usingizi, uzito, siku ya mzunguko wangu wa hedhi, jinsi mguu wa kulia ulivyojisikia. Kesho ni kupumzika. Keshokutwa mita 150.