Kilomita chache? Kamwambie mwingine

Kila niliyemwambia natafuta gari la bei nafuu alinijibu vilevile: "Angalia kilomita. Zikiwa chache, chukua." Ushauri huo ungenifilisi. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache na mtu mwenye kifaa chake, na gari halilalamiki.

Kuna moja lilitangazwa kuwa limetembea kilomita 62,000. Rangi safi, injini imeoshwa hadi inang'aa (injini iliyooshwa hivyo inanitia shaka, kwani oili inayovuja huoshwa pamoja na vumbi). Muuzaji, mtu mzima mpole, ananiita "mwanangu". Nilipofungua mlango nikainama kwanza kutazama pedali. Mpira wa breki ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia. Usukani umevalishwa ngozi mpya. Nikaisogeza kidogo, chini yake plastiki imesuguliwa na viganja mpaka imekuwa laini kabisa. Nikavuta mkanda wa dereva mpaka mwisho: kingo zimechakaa, nyuzi zinaning'inia. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kilomita zote hizi mlizitembea mkiwa mmekanyaga breki?" Akacheka, halafu akashusha bei kabla sijamwomba. Nikamuaga kwa heshima zote.

Lingine nilienda kulitazama nikiwa na kimashine cha kusomea hitilafu nilichoazima kwa rafiki. Wengi wakiona hakuna hitilafu wanatoa pesa. Mimi nilifungua ukurasa unaoonyesha kama kompyuta ya gari imemaliza kujipima. Hitilafu zikifutwa, vipimo hivyo huanza upya, na havikamiliki mpaka gari litembee vya kutosha. Karibu vyote vilikuwa havijakamilika, na jamaa anaapa taa ya injini haijawahi kuwaka. Nikamwambia sawa, litembeze wiki hii nzima kisha nirudi nipime tena. Hakupokea simu yangu tena.

Nililonunua lina kilomita karibu mara tatu ya lile la mzee, na mlango una mikwaruzo. Ila mwenyewe alikuwa na bahasha ya risiti za fundi, ikiwemo ya kubadilisha mkanda wa taimingi (ule unaooanisha mwendo wa sehemu za injini). Nilifika mapema kuliko tulivyoahidiana, nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, jiulize wanaficha nini, maana injini mbovu huumbuka inapowashwa ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji ya radieta yanayoingia kwenye silinda. Hili halikutoa hata mmoja.

Bei tulivutana kwenye matairi. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata (meno ya tairi) zilikuwa bado nene, naye akazisifia, nikamwonyesha namba na nyufa za pembeni. Akapunguza.

Sikumaliza pesa zote kwenye kununua. Nilibakiza kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya matairi, oili, bima na kubadilisha umiliki. Marafiki walinicheka kwamba ningeongeza kidogo nipate gari la maana. Wawili kati yao sasa wananiomba lifti. Kiyoyozi hakifanyi kazi, nacho nilikikatia bei, kwa hiyo wafungue vioo.