Kamera ya zamani inauliwa na kukaa kabatini

Watu huwa wananiuliza sana, tumekuta kamera ya mzee kabatini, hii bado inapiga kweli? Na mimi kabla sijajibu lolote nauliza, mara ya mwisho imepiga picha lini? Maana toka utotoni hadi sasa nimeota mvi nimezishika hizi kamera za filamu, na zilizokufa kwa kutumika ni chache mno ukilinganisha na zilizokufa kwa kukaa tu. Ile iliyochakaa pembeni rangi imetoka mpaka shaba inaonekana, mimi hiyo naichukua bila wasiwasi. Ninayoiogopa ni ile ya "haijaguswa toka miaka ya themanini", imefungiwa kwenye mfuko wake wa ngozi, nje inang'aa kama jana imetoka dukani.

Sababu iko ndani. Chukua Pentax K1000 ambayo wengi wanaijua, ilianza kutengenezwa 1976 wakaja kuiacha 1997, ile ni mashine tupu, springi na gia na mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira, betri ni ya mita ya mwanga tu. Ukibonyeza, pazia la kwanza linakimbia linafungua njia, la pili linafuata linafunga, na ule muda wa katikati ndo spidi yako ya shata. Sasa kwenye spidi za polepole kuna vigia vidogo vinavyolichelewesha pazia la pili, na grisi ya miaka hamsini ambayo haikutikiswa inaganda, gia zinakuwa nzito. Ndo maana kamera ikae muda mrefu halafu uiweke kwenye sekunde 1, unasikia inaanza zzzz halafu inakata katikati, kile kioo cha ndani kinachokuonyesha picha ukichungulia kimebaki juu, unaona giza tu.

Kwahiyo mimi nikishika kamera yoyote ngeni kitu cha kwanza ni sikio. Nafungua mlango wa nyuma, hamna filamu, naweka sekunde 1 nabonyeza nasikiliza. Ikiwa nzima ule mlio wa gia unakwenda sawasawa mwanzo hadi mwisho, hausiti haukimbii. Kisha nusu, robo, 1/8, nashuka hivyo hivyo kila moja lazima isikike fupi kuliko iliyopita. Nikifika 1/1000 sikio halisaidii tena, hapo naielekeza kwenye taa au ukuta mweupe, lenzi nimeitoa, naangalia kwa nyuma wakati nabonyeza, ule mwanga unatakiwa ujae kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiona upande mmoja una giza basi pazia la kwanza limechoka, la pili linalikamata njiani, na picha zako zote za spidi kubwa zitatoka na ubavu mweusi. Kamera nyingi zilizoganda kidogo zinarudi zenyewe ukikaa nazo jioni moja unakoki, yaani unavuta ule wenzo wa kukaza springi, na kubonyeza, unakoki na kubonyeza, mpaka gia zilegee. Isiporudi usiipake oili mwenyewe jamani! Oili ikipita kiasi inatambaa mpaka kwenye mapazia na kwenye yale majani ndani ya lenzi yanayofungua na kufunga tundu la mwanga, yanashikana, hapo umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Na ule mfuko wa ngozi, utoe leo hii. Ngozi inashika unyevu, ndani kuna giza na hamna hewa, kuvu haitaki zaidi ya hapo. Mulika lenzi na tochi kutokea nyuma, ukiona vinyuzi vyembamba vimetandaa kama buibui amepita, hiyo ndo yenyewe, na ikikaa sana inakula ile koti iliyopakwa juu ya kioo cha lenzi, ambapo hata ukisafisha alama inabaki. Lenzi inataka mahali pakavu panapopita hewa, na itumike.

Halafu kuna sponji. Kamera za Kijapani za miaka ya sabini na themanini nyingi zina kisponji cheusi pembezoni mwa mlango wa nyuma cha kuzuia mwanga, na kingine juu kinachopokea kioo kikiruka. Kinaoza kabisa hata kamera isipotumika, kinageuka kitu kinanata kama lami, mwanga unaanza kuvuja, unaona michirizi ya rangi ya chungwa kwenye picha unadhani filamu mbovu. Hiki kwa bahati unaweza kukibadilisha mwenyewe mezani, kijiti cha meno na spiriti kidogo, unakwangua pole pole unaweka kingine. Ila cha pale juu ya kioo fanya kwa uangalifu mkubwa, kile kioo kina koti yake upande wa mbele na inachubuka kwa kuguswa tu, na ile skrini ya kufokasi juu yake, inayopokea picha unayoiona ukichungulia, mara nyingi ni plastiki, spiriti ikiidondokea imekwisha.

Betri nazo zina kisa chake. Olympus OM-1, Canonet QL17 na wenzao wa kipindi kile zilipangiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na zile betri ziliondolewa sokoni kwa sababu zebaki ni sumu. Watu wanaweka ya alkalini ya volti 1.5, inaingia vizuri kabisa, mita inacheza, lakini inadanganya, inakuambia mwanga upo mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka gizagiza. Mimi natumia zile betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, volti 1.4, ziko karibu zaidi na hazishuki shuki, ila ukishabandua kile kikaratasi zina miezi michache tu. Pentax Spotmatic ya 1964 ndo nairudia kila siku kuisifu, saketi yake ya mita imepangwa hivi kwamba tofauti ya volti haiisumbui, nadhani inasahaulika bure kwa sababu ya K1000 iliyokuja baadaye. Na kama mita imekufa kabisa wala usihuzunike, jua likiwa kali wazi weka tundu la lenzi f/16 (namba ikipungua tundu linakuwa kubwa) na spidi iliyo karibu na namba ya filamu, ile ISO iliyoandikwa kwenye boksi, filamu ya 400 unaweka 1/500, kukiwa na mawingu mazito fungua hadi f/5.6, kivulini f/4. Filamu ya negativu inavumilia mwanga ukizidi, ukipungua ndo haisamehi, kwahiyo ukisita fungua zaidi.

Za elektroniki naziongelea kifupi. Canon AE-1 ya 1976 ni kamera nzuri na nimepiga nayo picha ninazozipenda mno, lakini bila betri haibonyezeki kabisa, na saketi yake ikifa kuirudisha ni kazi ngumu. Ule mlio wa kukoroma ukibonyeza ni ukavu tu kwenye gia za kioo, fundi anaumaliza kwa tone la oili mahali pake. Ila anayeanza leo akiniuliza, namwambia atafute ya mashine tupu, ama Nikon FM2 ya 1982 kama anaipata, ile inafika hadi 1/4000 bila betri yoyote, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Basi kama unayo moja ndani, itoe leo, zungusha spidi zote ubonyeze, na ukiirudisha usiiache imekokiwa, springi zipumzike. Afadhali zaidi weka filamu kabisa upige. Na iliyokufa isiyofufuka, usiitupe na wala usimpe mtoto kuchezea, mpelekee fundi. Vipuri vingi havitengenezwi tena kiwandani, ile springi au skrubu unayoona haina maana inatolewa kwenye kamera iliyokufa inaingia kwenye inayopumua, na mafundi wanaojua kuifungua mpaka ndani na kuirudisha ikafanya kazi wanazidi kuwa wazee. Ukimpata, kaa pembeni yake umuulize anafanya nini, wengi wanafurahi mno kuelezea.