Kabla ya injini, angalia ekseli ya nyuma

Mashine yangu ya kwanza ya kukata nyasi, ile ya kupanda na kuendesha, niliichagua kwa injini. Silinda mbili, nguvu za farasi 22, rangi inang'aa, kiti hakina hata mpasuko. Niliiwasha, ikaitika papo hapo, nikalipa. Wiki ya tatu nikafunga trela nyuma, nikajaza udongo na kuanza kupanda mwinuko wa kwetu. Safari tano zilikwenda vizuri. Ya sita, katikati ya mwinuko, injini inanguruma kama kawaida lakini magurudumu yamesimama. Ilipopoa nusu saa, ikapanda tena. Kesho yake ikasimama safari ya tatu.

Injini haikuwa na kosa lolote. Nyingi ya mashine hizi hazina gia za kubadilisha. Pampu husukuma oili kwa shinikizo hadi kwenye mota inayozungusha ekseli, na vyote vimefungwa ndani ya kasha moja. Oili ikishika moto huwa nyepesi, na kama pampu imechakaa, oili huvuja humohumo ndani badala ya kusukuma. Kwenye mashine nyepesi kasha hilo limetengenezwa kwa kukata nyasi penye tambarare na kuvuta mzigo mdogo. Mengi hayana hata kizibo cha kumwagia oili chini, kwa hiyo wengi huitumia ileile tangu mashine ikiwa mpya.

Ndiyo maana siku hizi nikienda kuangalia mashine ya kuvutia mizigo, naanza kwa kuchuchumaa nyuma yake. Gurudumu limeshikwa na nini? Kama ni pete ndogo ya chuma kwenye ncha ya ekseli, hiyo ni mashine ya nyasi. Kama ni bolti kadhaa kwenye habu, mfano wa gari, hapo tunaweza kuongea. Rimu ya nyuma ya inchi 8 ni dalili ya wepesi. Matrekta ya bustani yaliyo mazito huwa na ya inchi 12. Mbele, napendelea ekseli ya chuma cha kusubu kuliko ya bati lililokunjwa. Kisha natazama feni ndogo ya plastiki juu ya kasha la pampu. Panga zake zikiwa zimekatika, jua kasha hilo limekuwa likichemka.

Muuzaji namwomba asiiwashe kabla sijafika. Nagusa injini kwa mkono: ikiwa na joto, nasubiri ipoe, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni oili inayoungua. Baada ya hapo ndipo kipimo ninachokiamini kuliko vyote: naiendesha dakika 20 au 30, nakata nyasi kabisa, halafu naipandisha mwinuko, mbele na kinyumenyume, ikiwa bado na moto. Muuzaji mmoja alinipa dakika tano tu. Nilimshukuru nikaondoka.

Ila usiihukumu mashine kabla ya kutazama kile kifimbo cha nyuma kinachoachia pampu ili iweze kusukumwa ikiwa imezimwa. Kikibaki nusu njia, mashine nzima huonekana mbovu.

Kutu kwenye bati linalofunika visu hainitishi sana, kwa sababu kazi yangu kubwa ni kuvuta. Lakini navua waya wa plagi na kutikisa kila kisu. Kikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Swichi ya kiti naijaribu pia: ukiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini lazima izime. Nikikuta mtu ameunganisha nyaya ili kuikwepa, kuirudisha ifanye kazi ndiyo kazi ya kwanza nitakayoifanya mashine ikifika nyumbani.

Niliyoinunua safari ya pili imepauka, ina silinda moja na nguvu za farasi 16, na gia zake ni za kubadilisha kwa mkono. Nilisafisha kabureta iliyogandwa na petroli ya zamani, nikabadilisha belti, oili na chujio la hewa. Inapanda mwinuko uleule polepole, na haijasimama.

Mzigo nao nimeupunguza. Trela na vilivyomo havizidi uzito wa trekta pamoja nami, na penye mteremko napakia nusu. Trela langu halina breki. Wakati wa kushuka hulisukuma trekta kwa nyuma, na ukikata kona hapo linaweza kulizungusha ubavu. Kwa hiyo nashuka kwa gia ya chini, nimenyoosha usukani, na kona naikata nikishafika tambarare.